Mvua Inayoelekea Jichoni

Melbourne, 11 Machi 2018

Shangazi yangu Nangala,

Shikamoo kutoka huku kwenye baridi isiyo na adabu. Wenyeji wananiambia bado haijaanza, wao wanatembea na kaptula, na mimi nimevaa soksi mbili. Mimi ni mzima, na ninakula. Najua hilo ndilo swali lako la kwanza, ndiyo maana nimelijibu kabla hujaliuliza. Mkia wa kangaruu nimeupata mara moja tu tangu Krismasi, wa kununua, umechunwa tayari na kuchemshwa kwenye sufuria kama viazi. Nilikula kwa heshima ya marehemu kangaruu.

Nisalimie dada Glenys na duka lake, na mwambie nimesikia vijana wake wa mpira wamefungwa tena. Nisalimie mbwa wote, hasa Spana. Natumai mguu wake umepona.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nikitoka chuoni mchana nafanya kazi kwenye duka la miwani. Kampuni yenye duka inataka kuweka michoro ya watu wa jangwani kwenye mikono ya miwani, ile miwili inayokwenda masikioni. Sehemu ya mauzo itapeleka gari la macho huko kwetu, lenye daktari na vifaa vyake, lisiwe linapita mara moja kwa mwaka kama mgeni aliyepotea njia. Walinijia wakaniuliza kama ninamjua mchoraji. Nikacheka. Nikawaambia kwetu ni afadhali muulize ni nani asiyechora.

Mimi nilifikiria ile mvua kubwa. Ile mliyochora nyinyi wawili, wewe na baba, ambaye jina lake bado hatulitaji. Sijui kama muda wa kuifunika kwa ajili ya msiba wake umekwisha, wala sijui kama nina haki ya kuuliza. Lakini ni mvua ya babu, na mimi ni Nampijinpa, mtoto wa ukoo wa mvua, kwa hiyo nikasema niulize. Nawaza watoto wako wa darasa la kwanza, wale waliokuwa wanakaa mbele kabisa na bado wanasoma ubao kwa kubahatisha.

Nijibu kwa barua kama kawaida. Simu ukiishika wewe inasikilizwa na kijiji kizima.

Mimi mwanao,
Shanelle


Purntalji, 9 Aprili 2018

Shanelle,

Marahaba. Barua yako imekuja na ndege ya Alhamisi, imelainika kama mkate wa jana kwa sababu rubani aliikalia. Sisi hatujambo. Nyanya pori zimezaa mwaka huu hadi tunazikanyaga. Mguu wa Spana umepona, ila sasa anachechemea akiona nyama tu. Vijana wa Glenys hawakufungwa, refa alikuwa wa upande wa pili, na ukiandika tena habari hiyo Glenys atakutoa kwenye ukoo.

Nimefurahi. Naandika neno hilo peke yake ili ulione. Miaka thelathini nilisimama mbele ya ubao wa shule hii nikiwafundisha watoto kusoma lugha yao wenyewe, na nusu yao walikuwa wanasugua macho yale mekundu hadi kope zinageukia ndani. Mvua ya baba yangu ikienda kuleta gari la macho, itakuwa imefanya kazi yake ya zamani, kuwafikia watu mahali walipo.

Muda wa kufunika umekwisha. Turubai liko kituo cha sanaa, nyuma ya rafu, na shuka juu yake.

Lakini nakuona umekaa mjini hadi umesahau. Unaniuliza mimi! Mimi na wewe tuna haki gani? Hadithi ya mvua ilikuwa ya baba yangu, kwa hiyo ni yangu na ya kaka yangu na yako. Sisi ni wenyewe. Mwenyewe hajipitishii. Anayepitisha ni msimamizi, na msimamizi ni yule ambaye mama yake ni wa mvua. Hapa nyumbani huyo ni Glenys. Mimi nimemzaa, nimemfuta kamasi, nimemchapa kwa ajili ya sukari, na kwenye mvua yeye ndiye ananiambia mama kaa chini, mstari huu umekosea. Na nakaa. Usiombe ukamwone Glenys akisimamia kitu, anakunja mikono kama polisi.

Nimemuuliza. Amesema turubai linaweza kwenda kupigwa picha, ila hakuna miwani itakayouzwa kabla yeye hajaiona. Waambie watu wako hivyo hivyo.

Utakuja lini? Miaka mitatu sasa. Nyumba ya baba yako ina funguo, nimezitundika kwangu.

Shangazi yako,
Winifred Nangala


Melbourne, 2 Mei 2018

Shangazi,

Hamjambo huko? Hapa mvua inanyesha kila siku bila mpango, haina hadithi wala mwenyewe. Mtihani wa kwanza nimepita. Wa pili nilipita kwa kupenya, kama mtu anayepita kati ya waya za uzio.

Watu wa kampuni wamefurahi mno. Nimewaeleza habari ya msimamizi. Mmoja akauliza, “Kwa hiyo bosi wa mchoraji ni binti yake?” Nikamjibu, “Kwenye mvua tu. Kwenye kufua nguo, bosi ni mama.” Wamekubali. Kituo cha sanaa kimeshawatumia picha ya turubai. Nilipoiona kwenye kioo cha kompyuta ilibidi nitoke nje kidogo. Ile kona ya chini, mistari ya maji inayokimbilia kisimani, ni mkono wake kabisa.

Shangazi, nitauliza jambo, na usinikasirikie. Barua yako ya mwisho mistari inapanda kilima, na ukurasa wa pili umeandika juu ya maandishi mengine. Wewe, uliyekuwa unatuchapa rula kwa herufi iliyolala! Na jina langu kwenye bahasha limeandikwa kubwa kama bango la duka. Unaonaje siku hizi? Jua likikupiga usoni inakuwaje? Ukimtazama mtu, uso wake ni kama una ukungu?

Habari ya kuja tutaongea. Chuo kina kazi nyingi.

Mwanao,
Shanelle


Purntalji, 27 Mei 2018

Shanelle,

Hatujambo. Kipupwe kimeingia, asubuhi maji ya mbwa yameganda na Spana anayalamba huku ananilaumu mimi.

Kuhusu mwandiko. Meza ya Glenys imevunjika mguu mmoja, ndiyo maana mistari inapanda. Kalamu nayo ni ile ya bure ya zahanati, inatema wino inapotaka. Na bahasha niliandika kubwa kwa sababu watu wa posta ya mjini hawajui kusoma. Nimemaliza.

Umeanza kusomea macho juzi, leo kila mtu kwako ni kipofu. Ukisomea meno utaniuliza yako wapi.

Mvua ile naijua bila kuitazama. Niliikalia wiki tatu mimi na baba yako, yeye upande wa chini, mimi upande wa juu, tunagombania kopo la rangi nyeupe kama watoto. Alisema maji yangu yanakwenda polepole kama mimi. Nikamwambia ya kwako yanakimbia kama mtu mwenye deni. Ukinifunga kitambaa usoni nitakuonyesha kila mstari unatoka wapi na unakwenda wapi.

“Tutaongea” si jibu. Hata wanafunzi wangu walijua hivyo.

Winifred


Melbourne, 1 Julai 2018

Shangazi mpendwa,

Nimekusikia. Meza, kalamu, posta. Nimeacha.

Leo nimetuma boksi. Ndani kuna miwani miwili ya mfano, ya kwanza kabisa, yenye mvua kwenye mikono yake. Mvua inaanzia nyuma ya sikio, inatembea, na kisima kiko mbele, karibu na jicho. Niliwaomba hivyo mimi mwenyewe. Muitazame wewe na dada Glenys, mkiikubali mtuandikie, na kazi ianze. Wanataka iwe madukani kabla ya kiangazi.

Mimi nimevaa ya kwangu wiki nzima, ya bila nguvu, ya kujishaua tu. Mwanamke mmoja kwenye tramu aliniuliza nimeinunua wapi. Nikamwambia nimerithi.

Shanelle


Purntalji, 13 Julai 2018

Shanelle,

Salamu nyingi. Boksi limefika. Miwani ni mizuri sana, sina neno. Nimepitisha. Waambie waanze.

Moja nimempa nesi wetu wa zahanati kwa sababu ya kwake ilikuwa imefungwa kwa plasta. Glenys yuko kwenye msiba, kilomita nyingi kutoka hapa, amekwenda na wote waliokuwa na nafasi kwenye gari. Wakimaliza kulia watarudi.

Winifred Nangala


Melbourne, 20 Agosti 2018

Shangazi,

Poleni na msiba. Sikujua ni nani, na sitauliza jina.

Barua yako ilikuwa na mistari michache, nikasema moyoni, huyu si shangazi. Niliwapelekea kampuni neno lako na wakaanza kazi. Lakini tangu siku hiyo sijapata barua nyingine, wiki zinapita. Nimepiga simu ya duka mara mbili. Mara ya kwanza mtoto alipokea akaniimbia wimbo, mara ya pili dada Glenys alisema, “Sitaki kuongea na simu, nitakuandikia,” akakata. Glenys! Ambaye hajaandika barua tangu shule!

Kuna nini? Kama umeumwa niambie. Kama nimekosa niambie pia.

Shanelle


Purntalji, 26 Agosti 2018

Shanelle, mwanangu,

Huu ni mwandiko wa Glenys. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze lake. (Mimi Glenys nitaongeza panapohitajika. Hujambo mdogo wangu? Ule mchezo refa alituibia.)

Sikiliza ilivyokuwa. Glenys aliporudi kutoka msibani alifungua duka. Nesi akaja kununua maziwa na unga, amevaa miwani ya mvua, amejipendezea kweli. Glenys akamtazama upande huu. Akamwambia, “Hebu geuka.” Akamtazama upande ule. “Geuka tena.” Nesi maskini amesimama pale kwenye kaunta anazungushwa kama kuku wa mnada, foleni nzima inatazama.

(Mkono wa kushoto, mvua inatoka sikioni inakuja kisimani, sawasawa. Mkono wa kulia wamechukua mchoro ule ule wakaubandika vile vile ulivyo. Kwa hiyo kulia kisima kiko sikioni, na mvua inatoka kisimani inaondoka. Mtu huyo jicho moja lina mvua, la pili lina ukame. Babu alitembea na mvua ile ije kwa watu, siyo iwakimbie.)

Akaja nyumbani na miwani mkononi. Mimi nimekaa na mbwa kwenye moto. Akauliza, “Mama, hii uliipitisha?”

“Niliipitisha.”

“Wewe? Bila mimi?”

“Ulikuwa msibani.”

“Msiba unaisha, Mama. Mvua ya kulia inakwenda wapi?”

“Kisimani,” nikamwambia.

Kisha akanyanyua mkono. “Nimeshika nini?”

“Miwani, si umeshika miwani?”

(Nilikuwa nimeshika mfupa wa Spana.)

Haya. Sasa unajua. Mficha maradhi, kilio humfichua. Jicho la kulia limeingia ukungu mwaka wa pili huu, la kushoto linafuata. Nesi aliniambia zamani ni mtoto wa jicho, kazi ya nusu saa, niende hospitali ya mjini Alice. Nikamwambia nitakwenda baada ya kipupwe, vipupwe vikapita viwili. Sikumngoja Glenys siku ile kwa sababu tungekaa naye pamoja kuitazama, na angejua. Niliipitisha kwa vidole. Niliamini naijua. Na mvua nilikuwa naijua kweli, Shanelle, miwani ndiyo sikuijua. Nimeona aibu, mimi niliyefundisha watoto wa watoto kwamba mwenyewe hajipitishii.

Glenys aliwaita wote wa mvua, wakubwa kwa wadogo, akasimama mbele yao, mikono imekunjwa, na akasema hivi. (Nilisema: Mvua hii haitoki Purntalji mpaka mwenyewe aione kwa macho yake. Siyo kwa vidole. Si kwa kukumbuka. Aitazame, kisha mimi nitasema.)

Ulimwengu mzima umenibembeleza niende Alice, nimewakatalia. Nesi, daktari wa gari, mchungaji, wewe na maswali yako ya ukungu. Nani anaweza kunilazimisha? Lakini huyu alisema kama msimamizi, mbele ya watu, na kwenye mvua sina sauti ya kumpinga. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikajikuta natabasamu peke yangu nikikoroga chai, maana ni mimi niliyemfundisha kusimama hivyo. Alikuwa mtoto wa kuogopa mijusi. (Sikuwa naogopa mijusi.)

Sasa nasema lile ambalo sikutaka kulisema. Naogopa. Siogopi kisu. Ile ndege ya wagonjwa ilitua hapa ikamchukua baba yako, alinipungia kofia yake, na hatukumwona tena mzima. Mimi ndiye niliyemwambia panda, watakutengeneza. Tangu siku hiyo ndege ikitua naingia ndani.

Nitakwenda Alice. Lakini uje wewe unishike mkono. Usipokuja siendi, na hapo Glenys anaweza kukunja mikono hadi ikauke.

Shangazi yako.

(Njoo. Mimi nimeshindwa kumfanya aseme haya kwa miaka miwili. G.)


Melbourne, 3 Septemba 2018

Shangazi yangu,

Nimeisoma barua yenu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, sikuweza kungoja. Nilicheka kwenye mfupa wa Spana, na mstari uliofuata nikakaa chini.

Kwanza kazi. Siku ile ile nilikwenda kwa watu wa kampuni, nikaweka miwani yangu mezani na kuwaambia simamisheni. Mashine ilikuwa imeshaanza. Wangeweza kununa. Kijana anayepanga michoro aliishika, akaizungusha, akaisogeza karibu na pua, halafu akasema, “Aisee. Kweli. Inaondoka.” Wamesimamisha. Ile iliyokwisha kutengenezwa haitauzwa. Watapanga upya mkono wa kulia, kisima kiwe mbele kama wa kushoto, na watangoja hata kama kiangazi kitapita. Walisema Shangazi alipitisha, nikawajibu ndiyo, na ndiyo maana kwetu hatuna mtu mmoja wa kupitisha. Nilisema hivyo kichwa kiko juu, Shangazi. Nilijiona mrefu.

Mimi nami niliivaa wiki nzima nikijisifu kwenye tramu, sikioni mwangu maji yanakimbia, na sikuona. Nina macho mazima. Kwa hiyo usibebe aibu hiyo peke yako.

Wameuliza waandike nini ndani ya mkono, pale wanapoweka jina la mchoraji. Nikawaandikia majina yote: lako, nikaacha nafasi ya yule tusiyemtaja, na jina la msimamizi. Wamesema hawajawahi kuandika jina la msimamizi. Nikawaambia wataanza na Glenys Napaljarri.

Sasa la kuja. Umeniuliza mara mbili, nimekukwepa mara mbili, na wewe ukanijibu kwa meza na kalamu. Nyani haoni kundule. Sikuwa na kazi nyingi chuoni. Nilikuwa naogopa ile nyumba. Nilikuwa mtihanini siku aliyopanda ndege, nikasema nitampigia simu jioni. Tangu hapo nimesema kila likizo, likizo ijayo. Nilifikiri nikipita pale mlangoni nitakuta viatu vyake.

Nakuja. Nimeshaomba ruhusa. Ongea na nesi apange siku, nitakukuta Alice uwanjani, na nitakuwa nimesimama pale mlango wa ndege unapofunguliwa, hutatafuta. Nitavaa lile shati jekundu la timu ya Glenys ili unione hata kwa ukungu.

Usile kitu usiku wa kuamkia siku ile. Najua utajaribu.

Mwanao,
Shanelle


Purntalji, 18 Novemba 2018

Shanelle Nampijinpa,

Tazama mwandiko. Usisome kwanza, tazama. Mstari umelala sawa kama mtu aliyeshiba, na meza ni ile ile ya Glenys, mguu bado umevunjika.

Sisi hatujambo sana. Joto limepanda, mawingu yanajikusanya mchana na kutawanyika jioni, yanatutania. Spana amezaa. Ndiyo, amezaa, watano, na miaka yote hii tulikuwa tunasema “yeye dume.” Mimi nilikuwa na sababu. Hawa wengine wenye macho waliokuwa wanamwona kila siku, sijui watajitetea vipi.

Jicho la kulia linaona hadi kilimani. La kushoto watalifanya mwezi wa tano. Nesi alinipa matone, naweka mwenyewe kama ulivyonionyesha, mkono wako mmoja kwenye paji langu. Nakukumbuka pale kitandani. Walipotoa ile bandeji asubuhi ukainama juu yangu, nikaanza kulia, na wewe ukamwita daktari ukidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Ni masikio yako. Ni ya baba yako yale, yamesimama vile vile. Miaka mitatu nilikuwa nasikia sauti yako tu kwenye simu na kusoma barua zako kwa shida, na sikujua kwamba umekua ukawa na uso wake.

Sikukushukuru ulivyokuja hadi huku nyumbani na kufungua ile nyumba. Nilikuwa nimekaa kwangu nasikiliza. Nilisikia ufagio, ukanyamaza muda mrefu, kisha ukaanza tena. Niliwaambia watoto wasikufuate. Siku hizi madirisha yako wazi, na Glenys ameweka godoro jipya kwa sababu anasema utakuja na gari la macho mwezi huo huo wa tano, wewe na kile kisanduku chako cha herufi za kupimia macho. Kwa hiyo sikuulizi tena utakuja lini.

Sasa nikueleze la Alhamisi. Ndege ilileta boksi. Glenys hakulifungua. Alilibeba hadi kituo cha sanaa, akaita watu wa mvua, nesi naye akaja na miwani yake ya plasta, maana ile yenye ukame tulishamnyang’anya. Turubai lenyewe likafunuliwa na kulazwa sakafuni. Wengine hawakuwa wameliona tangu tulipolifunika. Nikalitazama. Shanelle, niliamini nalijua lote. Kumbe kwenye ile kona ya chini, baba yako aliweka mistari mingine myembamba ya rangi nyeupe, chini ya ile yake, inakwenda polepole. Ni maji yangu, aliyachora yeye. Aliniibia kopo la rangi ili anichoree maji yangu upande wake, na hakuniambia. Nilikaa chini pale pale nikalia kwa sauti, na wanawake wakalia nami, na kilikuwa kilio kizuri.

Nilipomaliza kujifuta, Glenys akanikabidhi miwani. “Mama. Tazama.”

Nikatazama mkono wa kushoto. Mvua inatoka sikioni, inakuja. Nikageuza. Wa kulia, inatoka sikioni, inakuja. Nikaivaa, watu wakacheka, nikasimama pale na mvua ya baba yangu inakuja kwangu pande zote mbili.

“Bado,” akasema Glenys, mikono imekunjwa. “Ndani kuna nini?”

Nikaivua, nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya mkono kuna maandishi madogo kama nyayo za sisimizi. Nikasoma kwa sauti yangu ya darasani, kwa jicho hili moja, bila kumuuliza mtu. Nikasoma Winifred Nangala. Nikafika kwenye nafasi uliyoacha wazi, nikanyamaza hapo kadiri inavyostahili. Kisha nikasoma, herufi kwa herufi, “Msimamizi: Glenys Napaljarri.”

Hukuwa umemwambia. Mikono yake ikaanguka. Polisi wangu akageukia ukutani, na nikaona nywele zake kisogoni zimejaa mvi. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanangu ana mvi. Nikaenda nikazishika.

“Unasemaje, msimamizi?” nikamuuliza.

Akasema bila kugeuka, “Mvua inakwenda sawa.”

Kwa hiyo waambie watu wako, na uwaonyeshe mwandiko huu. Mimi nimeiona, na Napaljarri amepitisha.

Shangazi yako,
Winifred Nangala